Kamba wa Kigiriki na Pua Iliyopotea

Jikoni walimwita Bi Pua, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa pua. Pua yake ilikuwa ya kawaida tu, fupi, imekaa pale inapostahili kukaa. Jina alilipata kwa kazi. Wiki ya kwanza alipoajiriwa katika hoteli ile ya vyumba kumi na viwili, alisimama mlangoni mwa stoo, akavuta hewa mara moja, akasema, "Kuna viazi vitatu vimeoza, gunia la pili, chini kabisa." Wakacheka. Wakapindua gunia. Vilikuwa vinne, lakini nani angekuwa na moyo wa kubishana naye kwa kiazi kimoja? Tangu siku hiyo maziwa hayakutumika bila yeye kuyanusa, samaki hawakupokewa bila yeye, na hata mwenye hoteli, akitaka kujua kama shati la jana linafaa leo, alikuwa akipita karibu na jiko kwa ujanja ujanja, akitazama kama Bi Pua atakunja uso.

Sasa mtu kama huyo, ukimnyang'anya pua, umembakishia nini?

Ndiyo yaliyompata. Miezi mitano kabla ya siku ninayotaka kukusimulia, alishikwa na mafua. Mafua tu, yale ya watu wote. Akalala siku nne, akatoka jasho, akaoga, akarudi kazini. Akakaanga vitunguu. Akangoja harufu. Akainama juu ya kikaango mpaka mvuke ukamchoma kope. Wapi! Ilikuwa kama kukaanga maji.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye haraka, alimmulika tochi puani, akaandika andika, akasema, "Inaweza kurudi, mama, na inaweza isirudi. Na ikirudi, usishangae ikirudi vibaya. Wapo ambao kahawa huwanukia mpira ulioungua, na sabuni huwanukia choo." Bi Pua akashukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru, lakini njiani akawa anajiambia, ala, kumbe hata kupona kwenyewe kuna ajali zake! Ulimi nao ulibaki nusu. Kilicho kikali sana aliweza kukihisi. Chumvi ya kuua aliihisi. Limau alilijua kwa mate kujaa mdomoni. Lakini ladha hasa, ile inayokaa katikati, ilikuwa imehama bila kuaga.

Na mwanamke huyu maisha yake yote aliyaendesha kwa pua. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, akisugua masufuria katika kantini ya shule ya bweni. Hakuna aliyemfundisha kupika. Alikuwa akinusa kilichoganda ndani ya sufuria kabla hajakisugua, akajua leo mpishi kawahi kutia nyanya, leo kachelewesha vitunguu saumu, leo kagombana na mkewe. Kutoka hapo akapika hospitali, akapika kambi ya wajenga barabara, akalea watoto wawili na kuwaona wakihama na vikombe vyake bora, na mwisho akafika hotelini hapa. Hakuwa na cheti hata kimoja. Cheti chake kilikuwa katikati ya uso.

Basi akaamua kunyamaza. Ukitaka kumlaumu, shauri yako. Ana miaka hamsini na minne, magoti yanalalamika, amwambie nani kwamba mpishi hana pua? Angemwaga unga siku hiyo hiyo. Aliwaambia watu wawili tu. Wa kwanza alikuwa mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Afadhali. Viatu vyangu sasa vitalala ndani." Bi Pua akaangua kilio. Mzee akaona amekosea, akainuka kimya kimya, akavitoa viatu nje mwenyewe.

Wa pili alikuwa wifi.

Wifi ni dada mdogo wa huyo mzee, na ndiye mwosha vyombo wa hoteli hiyo hiyo. Kazi yenyewe Bi Pua ndiye aliyemwombea. Miaka ishirini na mitano walikuwa wametaniana na kuchomana kama mawifi wanavyojua kuchomana. "Wifi, wali wako leo umekasirika." "Wifi, wewe kaka yako nimemchukua akiwa amekonda, nenda kamtazame." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, na walipendana sana, ila hakuna aliyekuwa tayari kuanza kulisema. Sasa Bi Pua ilimbidi amwendee pale kwenye sinki na kumwambia, "Wifi, naomba uwe unanionjea." Unajua uzito wa maneno hayo? Kwa wifi? Aliyameza mara tatu ndipo yakatoka. Alijua atachekwa mpaka siku ya kuzikwa.

Wifi hakucheka. Aliachia sponji likazama majini.

"Toka lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na umekuwa ukipika hivyo hivyo?"

"Nimekuwa nikipika kwa masikio."

Na ilikuwa kweli. Vitunguu vikiisha maji, sauti hubadilika. Mafuta yakikolea, yanaongea kwa haraka. Lakini chumvi haina sauti. Kwa hiyo wakatunga mpango wao. Bi Pua anaweka kijiko kimoja cha chakula kwenye kibakuli karibu na sinki, kama mtu anayetupa kilichobaki. Wifi anakiramba huku ameinama. Akikohoa mara moja, ongeza chumvi kidogo; akirudia, ongeza tena. Akikohoa mara mbili haraka haraka, acha, imekaa. Hata samaki na maziwa, wifi ndiye aliyenusa, akijifanya anapita tu. Miezi mitano wakaenda hivyo, na hakuna mgeni aliyerudisha sahani.

Sasa njoo kwa mwenye hoteli. Huyu wakimwita Baharia, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia katika vyumba vya injini vya meli za mizigo, mpaka sikio moja likafa kwa kelele. Katika bandari zote alizopita, kitu alichokikumbuka zaidi ni chakula kimoja cha Wagiriki cha kufungulia mlo: kamba wakubwa waliopikwa katika rojo la nyanya, vitunguu saumu na mvinyo mweupe, kisha jibini nyeupe ya chumvi iitwayo feta inavunjwa vunjwa juu, vyote vinaingia oveni ndani ya kikaango kidogo chenye masikio mawili, na vinaletwa mezani vikichemka ndani ya kikaango hicho hicho. Unachovya mkate. Unakunywa mvinyo baridi. Baharia akisimulia alikuwa akifumba macho, na ukimtazama unaona kabisa hayupo nawe.

Alikuwa amepata wabia wanne wa kumsaidia kufungua mgahawa kamili pale chini, na watu hao walitaka kwanza kula. Akaja jikoni Jumatatu, akashika ukingo wa meza.

"Bi Pua, nitasema ukweli. Watakuja Jumamosi mchana. Sahani ya kwanza ni wale kamba wangu, pamoja na mvinyo utakaouchagua wewe, maana pua ni yako. Wakiridhika, mgahawa unafunguliwa na jiko ni lako. Wasiporidhika, wanakuja na mpishi wao, na mpishi wao anakuja na watu wake."

Wifi kwenye sinki akaacha kusuuza. Watu wake maana yake mpaka mwosha vyombo.

"Usijali, bosi," alisema Bi Pua. Mdomo ulisema hivyo.

Wiki nzima wakafanya mazoezi. Baharia akaeleza, Bi Pua akapika, wifi akaramba na kukohoa. Chumvi wakaipata. Mvinyo ndio uliowashinda. Kulikuwa na aina mbili za mvinyo mweupe: mmoja mwororo wenye utamu kidogo, na mwingine usio na utamu hata chembe, katoni la chupa sita ambalo Baharia aliliagiza mwenyewe kutoka huko kwa Wagiriki wake. Kwa Bi Pua, aliyeionja bila chakula, yote ilikuwa maji baridi. Akampa wifi. Wifi, ambaye chai yake ni sukari iliyotiwa chai, akaonja ule wa Wagiriki, akakunja uso mpaka macho yakapotea, akasema, "Hii si dawa ya kutolea kutu?" Akaonja ule mtamu. "Ehee! Huu ndio mvinyo." Basi, ule mtamu ukachaguliwa. Baharia aliposikia akanyanyua nyusi. Pua ilikuwa imeamua.

Jumamosi ikafika. Saa tano asubuhi kamba walikuwa wameshamenywa, mshipa mweusi wa mgongoni umetolewa, wamepangwa juu ya barafu. Bi Pua aliwakagua kwa vidole, kwa sababu kamba aliyechoka hulegea, na hawa walikuwa wakakamavu. Rojo la nyanya lilikuwa jikoni linachemka pole pole. Akachota kijiko, akakiweka kwenye kibakuli karibu na sinki, akarudi kwenye moto. Katika kikaango cha pili akamimina mafuta ya zeituni, akatia vitunguu saumu na pilipili kavu iliyopondwa. Mafuta yalikuwa yamepata moto kuliko alivyodhani. Pilipili ikatoa moshi, na feni ya dirishani ikauvuta moshi wote kuupeleka upande wa sinki.

Wifi akakohoa mara moja.

Bi Pua, mgongo umemwelekea wifi, akatia chumvi kidogo kwenye rojo. Akakoroga.

Wifi akakohoa tena, moja, ndefu.

Bado? Akaongeza. Kikapita kimya, kisha kikaja kikohozi kingine. Leo wifi yangu ana ulimi wa ng'ombe, akawaza, lakini nani wa kubisha? Mwenye ulimi ndiye yeye. Akaongeza ya tatu, na baada ya kikohozi kilichofuata, ya nne. Kisha vikohozi vikaja kumi kwa mpigo, na huo haukuwa mpango wowote waliowahi kuutunga. Akageuka. Wifi alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha, machozi yanamtiririka, na kibakuli pale sinkini kiko vile vile kama alivyokiacha.

"Wifi! Umeonja?"

"Nionje nini, nakufa hapa!"

Bi Pua akachovya kidole kwenye rojo, akakilamba. Hata ule ulimi wake nusu ukaungua kwa chumvi. Saa tano na nusu. Wageni saa sita na nusu. Na feta ndiyo kwanza inasubiri zamu yake, jibini inayokaa ndani ya maji ya chumvi kama iko baharini!

"Mungu wangu, nimetuua," alisema.

"Hujatuua," wifi alisema akijifuta kwa aproni. "Ngoja nionje, nikuambie." Akaonja. Akabaki ameduwaa na kijiko mdomoni. "Sisikii kitu. Wifi, pilipili imenichoma mpaka kooni. Sisikii kitu kabisa."

Wakatazamana. Sasa walikuwa wawili wasio na ladha, katika jiko moja, na watu wanne njiani.

Hapo ndipo utakapomjua mtu. Bi Pua angeweza kwenda kwa Baharia na kusema ukweli, na huenda ingekuwa busara, lakini hasira zilimpanda. Alijikasirikia mwenyewe, akayakasirikia mafua, akakasirikia hata feni. Akapiga moyo konde. Akamwaga zaidi ya nusu ya rojo lile, akaanza nyanya mpya bila punje ya chumvi, akazipika haraka kwenye sufuria pana ili maji yakauke, kisha akaliingiza lile rojo bovu ndani yake kijiko baada ya kijiko. Feta akaikata, akailoweka kwenye maji ya kunywa, akayamwaga, akailoweka tena. Kamba hakuwatia chumvi kabisa. Kila baada ya dakika chache alikuwa akigusisha ulimi na kusikiliza kama unaungua. Ulipoacha kuungua akasimama. Zaidi ya hapo hakuwa na kipimo kingine.

"Bado ina chumvi?" wifi aliuliza.

"Ina chumvi. Kiasi gani, sijui."

Ndipo akaufikiria mvinyo. Katika friji zilikuwepo chupa mbili za mazoezi, zimebaki nusu nusu. Akachukua mkate, akachovya kwenye rojo, akala, akafuatisha ule mtamu. Mdomoni ukanata. Akala tena, akafuatisha ule wa Wagiriki. Mate yakajaa, taya zikambana, mdomo ukabaki safi kana kwamba hakula kitu, na mkono wake wenyewe ukaenda kwenye mkate mara ya pili. Hakunusa chochote, lakini mkono ule aliuelewa.

Mhudumu akaingia na sinia lenye chupa za ule mvinyo mtamu. Huyu walimwita Tai, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata siku ya kupaka rangi ukuta.

"Kaka Tai, rudisha chupa hizo. Tunatoa za katoni."

"Mama, bosi ameshawatajia wageni ule mwingine."

"Kamwambie nimebadilisha."

"Nikamwambie mimi?"

"Unaogopa nini, wewe umeolewa naye?"

Tai akaenda, akarudi. "Amesema pua ni yako," alisema, na Bi Pua akahisi kisu kimempita mbavuni.

Vikaango vitano, vya wabia wanne na cha Baharia, vikaingia oveni. Tai akaweka chupa mbili za katoni kwenye barafu, akachukua ya kwanza, akazungusha kizibuo, akavuta kizibo. Kikatoka kwa sauti ndogo. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Bi Pua. Na Bi Pua, aliyekuwa akichungulia oveni, akainua kichwa.

Kuna kitu kilikuwa kinanuka.

Hakuelewa mara moja. Ukikaa miezi mitano kwenye nyumba isiyo na mtu, ukasikia hatua sebuleni, hutafurahi kwanza, utashtuka. Ilikuwa harufu ya gunia bichi. Ya katoni lililolala mvua na kuachwa kwenye stoo bila hewa. Ilikuwa nyembamba, ya mbali, lakini ilikuwepo, na ilikuwa inatoka mkononi mwa Tai.

"Simama hapo," alisema.

"Mama, wameshakaa."

"Nimesema simama!"

Akachukua chupa, akapeleka shingo yake puani. Gunia bichi. Akaiondoa, akairudisha. Gunia bichi. Maneno ya daktari yakamjia yote kwa pamoja: ikirudi, usishangae ikirudi vibaya. Sasa kilichoharibika ni mvinyo, au ni pua? Kama ni mvinyo, hawezi kuupeleka kwa watu wale. Kama ni pua, anataka kuitangazia ubovu chupa nzima ya Baharia, ya Wagiriki wake, mbele ya wabia, na wataionja, na wataikuta nzima, na kila kitu kitajulikana.

"Nusa," alimwambia Tai.

Tai akanusa kwa heshima. "Unanukia mvinyo."

"Wifi, njoo unuse."

Wifi akaja, macho bado mekundu. Akavuta hewa. "Mimi nanusa pilipili tu, wifi. Nisamehe. Nikikudanganya leo nitakuua."

Basi hakuna wa kumsaidia. Oveni ikalia, kamba walikuwa tayari, na kamba hawangoji, wakizidi dakika mbili wanakuwa mpira. Bi Pua akavitoa vikaango. Kisha akakichukua kizibuo mwenyewe, akaivuta chupa ya pili kutoka kwenye barafu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mvinyo ule ule, katoni lile lile. Hii nayo ikinuka gunia, basi mbovu ni mimi.

Akazibua. Akafumba macho. Akanusa.

Ganda la limau. Kwanza ganda la limau, likija taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu tufaha bichi lililokatwa. Halafu kitu cha mawe, ya mtoni, yaliyonyeshewa na kuanza kukauka. Akairudia chupa ya kwanza: gunia. Ya pili: limau. Gunia. Limau. Akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamtoka ovyo, na Tai akarudi nyuma na sinia lake kwa sababu hakuwa amezoea kuona mpishi akizililia chupa.

Mlango ukasukumwa. Baharia. "Jamani, kulikoni? Watu wanatazama uma!"

"Bosi, hii usiwape. Imeharibika. Wape hii."

"Imeharibika? Hiyo niliiagiza mwenyewe..." Akaipokea, akanusa. Hakuna kitu. Akaonekana anataka kukasirika. Kisha, mzee wa bandari nyingi, akamimina kidogo kwenye glasi, akaifumbata kwa viganja vyote viwili mpaka ubaridi ukapungua, akanusa tena. Uso ukamshuka. "Loo! Kizibo," alisema pole pole. "Kizibo kimeuozesha. Hawa watu nilikuwa nawapa uozo kwa mkono wangu." Akamtazama Bi Pua. "Na wewe umeunusa ungali baridi vile?"

"Peleka chakula, bosi, kinapoa."

Sitakuchosha na ya mezani, maana Bi Pua hakuyaona. Aliviona vikaango viliporudi. Vyote vitano vilikuwa vimepanguswa kwa mkate mpaka chuma kinang'aa, na chupa ya limau ilirudi tupu, na Tai akaja mbio kuomba nyingine. Akasema mmoja wa wale wabia aliuliza kwa nini chakula chenye chumvi namna ile kinamfanya atake kula zaidi, na mwenzake akamjibu, "Ndiyo kazi ya mvinyo, wewe kunywa." Hayo yote Tai aliyasimulia akiwa amelegeza tai, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Saa tisa Baharia akaja jikoni peke yake, mikono mfukoni. Akasema jiko ni lake. Akasema wabia hawana swali. Bi Pua angeweza kunyamaza hapo, na nani angejua? Lakini alikuwa amechoka kubeba.

"Bosi, nina jambo. Miezi mitano sikuwa na pua. Imerudi leo, na chupa yako ile."

Baharia akageuza sikio lake zima. "Umesema?"

Akarudia yote: mafua, daktari, kibakuli, vikohozi, chumvi ya leo.

Baharia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Miezi mitano nimekula chakula chako kila mchana," alisema.

"Ulikuwa unakula ulimi wa wifi yangu."

Mzee akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu wa injini, kinachotoka chini, mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanyoosha kidole kwenye sinki. "Na huyo namlipa kuosha vyombo! Jumatatu atoke hapo. Avae aproni ya upishi, tumtafutie mtu mwingine wa sinki." Akatoka akiwa bado anacheka, na walimsikia mpaka ngazini.

Bi Pua akabaki amesimama. Mwili wote ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya safari ndefu. Akaanza kutembea jikoni akinusa. Alinusa sabuni, akanusa mbao ya kukatia, akalinusa taulo, akanusa ndani ya jagi la maziwa. Vingine vilikuja, vingine bado, lakini alijua sasa ni suala la siku. Akafika kwenye sinki.

Wifi alikuwa amempa mgongo, mikono majini, hasuuzi chochote.

"Kila asubuhi," wifi alisema bila kugeuka, "kila asubuhi naamka tumbo limenikaza. Najiuliza, leo nikikosea, kamba mbovu akapita, mtu akafa, wifi yangu ndiye atakayefungwa. Sikuwahi kukuambia."

Bi Pua akamzungushia mikono kwa nyuma, akaegemeza uso kwenye bega lake, na pua ikamjaza kila kitu kwa mara moja: pilipili iliyoungua, sabuni ya vyombo, vitunguu, na chini ya hayo yote, mtu mwenyewe.

"Wifi," alisema. "Unanuka jasho."

Na wifi, ambaye miezi mitano yote hakuwa ametoa chozi ila la pilipili, akaweka kichwa juu ya mikono iliyomshika, akalia kwa sauti.